Sauti, Jedwali na Namba: Kuisoma Fani ya Tafiti za Katavi

Katika sura ya pili ya kitabu cha Liisa Malkki, Purity and Exile, kilichochapishwa Chicago mwaka 1995, maandishi ya mtaalamu hukatika mara kwa mara, na pale yanapokatika huingia sauti nyingine. Sauti hiyo imepewa namba, imetengwa na maelezo ya mwandishi, na imeachiwa nafasi ya kutosha kujieleza bila haraka. Ni sauti ya wakimbizi wa Kirundi walioishi Mishamo, makazi yaliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 katikati ya misitu ya miombo, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi. Malkki, mwanaanthropolojia mwenye asili ya Finland, alifanya utafiti wake huko na katika mji wa Kigoma mwaka 1985 na 1986. Vipande hivyo vyenye namba, ambavyo yeye anaviita paneli, ndivyo vilivyokipa kitabu jina katika vyuo vikuu vya dunia. Miaka thelathini baadaye bado vinasomeshwa, na wengi wanaovisoma hawajawahi kusikia Mpanda, mji wa mkoa huo, ikitajwa mahali pengine popote.

Tangu shule ya sekondari mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa kutenganisha fani na maudhui, na hufundishwa kufanya hivyo kwenye riwaya, tamthiliya na ushairi. Tafiti za vyuo vikuu hatuzisomi hivyo. Ripoti ikitufikia tunakimbilia matokeo: wamegundua nini, wanashauri nini, nani alitoa fedha. Hatuulizi nani anasimulia, kwa nafsi ipi, anamwambia nani, na nani amewekwa mahali ambapo hawezi kujibu. Naiona kasoro hii kuwa kubwa, kwa sababu mtafiti naye ni mtunzi. Anachagua aanzie wapi, amkatishe nani, amwache nani aendelee. Uchaguzi huo hautajwi kwenye sura ya mbinu za utafiti, lakini huamua mengi.

Katavi inafaa kwa usomaji wa aina hii. Mkoa ulitengwa na Rukwa mwaka 2012, lakini watafiti walikuwa wamekwisha kufika miongo kadhaa kabla ya hapo. Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto walikuja magharibi mwa Tanzania miaka ya 1960 wakifuata sokwe, na baadhi yao wakavutwa na maisha ya Watongwe. Kutoka Chuo Kikuu cha California, kampasi ya Davis, Monique Borgerhoff Mulder na Tim Caro walianza kufanya kazi Mpimbwe na kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi miaka ya 1990, mmoja akiwatazama zaidi watu, mwingine wanyama. Yuko Abe alikusanya msamiati wa lugha ya Kibende, uliochapwa Tokyo mwaka 2006. Katika bonde la Issa, sokwe wanaoishi kwenye miombo wamefuatiliwa kwa miaka mingi na wanasayansi wa vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani wakiwa pamoja na wasaidizi wa Kitanzania. Ardhi ni moja, na fani hazifanani hata kidogo. Ninachokiona nikizisoma kwa pamoja ni hiki: fani inayoonekana kumheshimu zaidi mtu wa Katavi, ile inayomwachia aseme, inaweza kumfunga mdomo yule asiyekubaliana na wenzake, na fani inayoonekana baridi, ya jedwali na takwimu, wakati mwingine ndiyo inayomtunzia nafasi.

Turudi kwenye paneli za Malkki, maana hapo ndipo pana utajiri mwingi.

Kitu cha kwanza kinachomgonga msomaji ni nafsi. Anayesema ndani ya kipande anasema "sisi." Wengi wa wasimulizi hao waliyaona mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi kwa macho yao, wakavuka mpaka kwa miguu au kwa mitumbwi, wakazika ndugu au wakashindwa kuwazika. Mtu wa namna hiyo ana kila sababu ya kusema "mimi niliona." Lakini nafsi ya kwanza umoja ni adimu ndani ya vipande. Kinachotawala ni "sisi" yenye umri mkubwa kuliko msimulizi yeyote: "sisi" iliyokuwapo wakati taifa la Burundi linaanzishwa, iliyoona ng'ombe wakiletwa, iliyodanganywa, iliyotawaliwa, iliyouawa, na ambayo sasa inalima Mishamo ikingoja kurudi. Dhidi yake imesimama "wao" yenye umri huohuo. Kwa nafsi hizi mbili tu, historia ya karne nyingi inapata msuko mmoja.

Cha pili ni wakati. Ndani ya vipande hakuna tukio linalokuja kwa ghafla. Mwanzo tayari una mwisho ndani yake. Ujio wa ng'ombe unabeba mauaji ya 1972 kama mimba. Maisha ya kambini nayo, kwa kazi zake na vibali vyake vya kusafiri, yanaingizwa kwenye simulizi hiyohiyo kama sehemu ya mtihani ambao taifa lililo uhamishoni lazima liupite. Sura ya tatu ya kitabu inashughulika na jambo hili, jinsi leo inavyosimuliwa kwa maneno ya jana, na inafanya hivyo kwa ustadi mkubwa. Malkki anaiita simulizi nzima historia ya kimithiki, na anaeleza wazi kwamba hakusudii kusema ni ya uongo. Anachokisoma ndani yake ni mpangilio wa kimaadili: nani ni mwema, nani ni mwovu, nani ni mwenye nchi. Kwa hiyo hasimamishi kipande ili kusahihisha tarehe. Kwa mwandishi wa chuo kikuu, ambaye amefunzwa kusahihisha, huo ni ujasiri.

Ujasiri huo tuupime kwa maandishi mengine ya wakati ule. Mishamo ilikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania mwaka 1985, na karatasi za makabidhiano ya namna hiyo huandikwa kwa hekta, visima, shule, magunia. Mkimbizi aliyemo humo ni kinywa cha kulishwa, na baadaye, mambo yakienda vizuri, ni mkulima anayejitegemea. Hana hoja. Malkki mwenyewe alilirudia jambo hili mwaka 1996 katika makala iliyosomwa sana, akionyesha jinsi lugha ya misaada inavyomgeuza mkimbizi kuwa jeraha lisilo na maneno. Vipande vyake vilikuwa jibu la mapema. Mtu wa Mishamo anapoingia kwenye ukurasa wa kitabu hiki, anaingia akiwa na nadharia yake juu ya kilichomkuta, na msomaji analazimika kubishana naye au kumkubali. Hawezi kumhurumia tu akapita. Nimevisoma vipande hivyo mara nyingi na heshima hiyo haijawahi kunichosha.

Lakini tuangalie kilichokatwa ili kipande kikae sawa. Mara nyingi swali halipo. Hatujui mtafiti aliuliza nini hadi maneno yale yakatoka. Kikao nacho hakipo: nani alikaa karibu, nani alitikisa kichwa, nani aliondoka, kama ilikuwa baada ya kazi za shamba au baada ya misa. Jina limeondolewa pia, na hilo lina sababu nzuri isiyohitaji kutetewa, kwa kuwa watu hawa walikuwa na maadui wa kweli. Hata hivyo namba iliyochukua nafasi ya jina inafanya kazi nyingine zaidi ya kulinda. Inakipanga kila kipande kwenye safu, kimoja kikifuata kingine, hadi vyote vinasomeka kama kazi ya msanii mmoja asiyejulikana. Mtu aliyezoea hadithi za Kiswahili anajua kwamba msimulizi hafungui kinywa kabla hajaitikiwa. "Hadithi, hadithi!" inangoja "Hadithi njoo!" na hata katikati ya usimulizi hadhira ina haki ya kuguna, kucheka, kumkumbusha msimulizi alichoruka. Katika kipande chenye namba hadhira imetolewa nje. Aliyebaki wa kuitikia ni Malkki peke yake, na anaitikia baada ya kipande kumalizika, kwa lugha ya nadharia.

Atakayemtetea atasema kwamba kufanana kwa sauti hizo ndiko kulikokuwa matokeo ya utafiti. Ni kweli. Malkki alishangazwa na jinsi watu tofauti, siku tofauti, walivyomsimulia mambo yaleyale kwa mpangilio uleule, na kitabu kizima kinajaribu kueleza kwa nini kambi ilizaa simulizi moja. Hoja yangu ni kwamba fani aliyoichagua inaukuza umoja huo kuliko inavyoupima. Kipande kikishapewa namba kinakuwa mfano wa jumla. Wakazi wa kambi waliokuwa wameanza kufanya biashara na kupata fedha, kwa mfano, wamo kitabuni, lakini tunawaona zaidi kupitia macho ya wenzao wanaowatilia shaka, kama watu walioanza kusahau wao ni nani. Kwa nini hawakupewa kipande chao? Mfanyabiashara wa Mishamo mwaka 1986, mwenye baiskeli na mteja Mpanda mjini, bila shaka alikuwa na simulizi yake juu ya maana ya kuwa mkimbizi. Fani ya paneli haikuwa na pa kumweka, kwa sababu sauti moja isiyolingana na nyingine ingeuvunja umoja huo.

Sura ya nne ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na wahakiki wengi huipita upesi. Hapo Malkki anahamia Kigoma mjini, kwa watu waliokimbia mauaji yaleyale lakini wakajichanganya na wenyeji. Mara fani inamponyoka. "Sisi" kubwa inatoweka. Mtu mmoja ni Muha akiwa sokoni, ni Mwislamu akiwa msikitini, ni Mrundi akiwa na anayemwamini, na akiulizwa na karani ni Mtanzania. Anaweza kuwa na mke wa Kigoma na watoto wasiojua Kirundi. Hataki kuitwa mkimbizi na hana muda na historia ya taifa. Huwezi kumweka mtu huyo kwenye kipande chenye namba, kwa sababu kesho atasema lingine na yote mawili yatakuwa kweli. Nathari ya Malkki inalazimika kufanya kazi ambayo kwenye sura za kambi ilifanywa na vipande: inafuata, inasitasita, inarudi nyuma kurekebisha ilichosema. Inakosa ile fahari ya sura ya pili, lakini iko karibu zaidi na jinsi watu wanavyoishi. Msomaji wa Mpanda atawatambua haraka watu wa sura hiyo. Mji wetu, uliopata reli kutoka Kaliua kwa ajili ya mgodi wa risasi katikati ya karne iliyopita na ukaendelea kupokea Wafipa, Wasukuma, Waha na Warundi, umejaa watu ambao hawapendi kuulizwa mara mbili wametoka wapi.

Kilichotokea baadaye kinafaa kuwekwa kando ya fani hiyo. Mwaka 2007 serikali ya Tanzania iliwapa wakimbizi wa 1972 waliobaki katika makazi ya Mishamo, Katumba na Ulyankulu nafasi ya kuchagua kurudi Burundi au kuomba uraia. Takriban wanne kati ya kila watano walichagua uraia. Baada ya kusubiri kwa miaka, na baada ya mpango wa kuwatawanya mikoani kuachwa, watu wapatao 162,000 walianza kupewa vyeti mwaka 2014. Sitaki kulitumia hili kumshinda Malkki. Miaka ishirini ni mingi, watoto walizaliwa, Burundi yenyewe iliungua tena mwaka 1993, na mtu anayesema kwa dhati mwaka 1985 kwamba kungoja ni wajibu anaweza kwa dhati ileile kupanda miembe mwaka 2007. Lakini anayesoma vipande peke yake hana njia ya kuutabiri uamuzi ule. Anayesoma sura ya Kigoma anayo. Mbegu zake zimo katika nathari inayositasita, na vipande imara havina hata moja.

Sasa tuweke kando ya kitabu cha Malkki kazi iliyo mbali nacho kabisa kwa umbo. Mwaka 2009 Borgerhoff Mulder alichapisha katika jarida la Human Nature makala kuhusu ndoa za Wapimbwe, watu wa bonde la Rukwa upande wa kusini wa mkoa. Kichwa chake ni swali: kuoa na kuolewa mara kwa mara, mmoja baada ya mwingine, tukuite mitala ya wanaume au ya wanawake? Swali hilo ndilo fani yote. Makala inalibeba kutoka mstari wa kwanza, inalipitisha kwenye hesabu za kaya zilizokusanywa na kurudiwa kwa miaka mingi, na inafika mahali ambapo wengi hawakutazamia. Wanaume wa Kipimbwe hawakuonekana kupata watoto hai wengi zaidi kwa kubadilisha wake, ilhali wanawake walioolewa mara kadhaa hawakuwa wenye hasara, na hata walielekea kunufaika.

Hakuna Mpimbwe anayesema katika makala hiyo. Hakuna nukuu ya kumfanya msomaji amsikie mwanamke akieleza kwa nini alifunga mzigo wake akaondoka kwa mume wa kwanza, na maelezo hayo lazima yalikuwa matamu, kwani ndoa zinazovunjika hazikosi msimulizi. Anayezungumziwa zaidi ni mwanabiolojia wa Uingereza, Bateman, aliyehesabu watoto wa nzi wa matunda mwaka 1948 akahitimisha kwamba dume ndiye anayefaidika na wenzi wengi. Mwanamke wa Mpimbwe ameitwa kutoa ushahidi kwenye kesi iliyofunguliwa kwa ajili ya nzi. Nikiwa msomaji wa fasihi, hapo nilikuwa tayari kukasirika.

Lakini jedwali lina tabia moja ambayo kipande chenye namba hakina: halimfukuzi asiyefanana na wenzake. Aliyeolewa mara moja na kuzaa wengi yumo. Aliyeolewa mara kadhaa na kukosa mtoto yumo. Wastani unapotolewa, kanuni za fani hii zinamlazimisha mwandishi kuonyesha pia mtawanyiko, yaani ni kwa kiasi gani watu wenyewe hawafuati wastani huo. Mwandishi akificha mtawanyiko, jarida litamrudishia makala. Kwa hiyo mwanamke aliyekwenda kinyume na wenzake, ambaye hapewi sentensi moja ya kusema, anabaki ndani ya hoja akiivuta upande wake, na hoja inapimwa kwa uzito wake pia. Sauti yake imenyamazishwa, ila maisha yake hayakufutwa. Kwa mfanyabiashara wa Mishamo ilikuwa kinyume: fani ilijaa sauti, na maisha yake yakakosa mahali.

Fani hizi mbili hukutana katika kazi nyingine ya watu walewale, juu ya mauaji ya simba. Wasukuma walianza kuhamia kwa wingi katika eneo hili na mifugo yao tangu miaka ya 1970, na walikuja na ngoma zao. Mwanaume aliyeua simba huzunguka akicheza kutoka boma hadi boma, kwa ndugu na majirani, na wanaomwona humpa zawadi: fedha, mbuzi, ng'ombe. Ngoma ina dai ndani yake. Mchezaji anatangaza kwamba amewakomboa wafugaji na adui wao, na zawadi ni shukrani ya waliokombolewa. Hayo ndiyo maudhui yake ya wazi, na kwa muda mrefu ndivyo watu wa hifadhi nao walivyoielewa: simba amekula ng'ombe, mwenye ng'ombe amelipiza.

Makala ya mwaka 2014 katika Biological Conservation, iliyoandikwa na Emily Fitzherbert, Caro, Borgerhoff Mulder na wenzao, inaisoma ngoma hiyo jinsi mhakiki angesoma shairi lenye msemaji asiyeaminika. Kichwa chake kina msuko kamili ndani ya maneno machache: kutoka walipiza kisasi hadi wawindaji. Waandishi wanapima dai la ngoma kwa vitendo, na vitendo vinaonyesha kwamba baadhi ya wachezaji walikuwa wanawatafuta simba ambao hawakugusa ng'ombe wa mtu, kwa ajili ya zawadi zinazofuata. Fani ya ngoma ilikuwa imebaki ileile wakati msukumo wa anayeicheza umebadilika. Huo ni uchambuzi wa sanaa hasa, ingawa umechapishwa kwenye jarida la wanyamapori na kuzungukwa na takwimu.

Kinachonivutia zaidi ni kilichofuata. Kwa kushirikiana na viongozi wa Kisukuma, kupitia kazi iliyopewa jina la Watu, Simba na Mazingira, kifupi WASIMA, watafiti hawakuelekeza nguvu kwa mchezaji peke yake. Walikwenda kwa hadhira. Sheria ndogo za vijiji ziliwekwa ili anayecheza bila sababu ya haki asipewe zawadi na awajibishwe na jamii yake mwenyewe. Aliyewaza hivyo alikuwa ameelewa kwamba sanaa ya jukwaani hukaa mikononi mwa wanaoitazama. Mzee wa Kisukuma anayekataa kutoa ndama kwa sababu anajua simba yule aliuawa ndani ya hifadhi, mbali na zizi lolote, ametoa hukumu ya kihakiki iliyo kali kuliko makala yoyote. Ningetamani mtu aziandike hukumu hizo kama zilivyotamkwa, pamoja na ubishi uliozitangulia. Kwenye makala zimekuwa asilimia.

Kuhusu sokwe wa Issa nitasema machache. Makala iliyotoka katika Science Advances mwezi Desemba 2022, ikiongozwa na Rhianna Drummond-Clarke, ina kichwa ambacho ni hukumu kamili, sentensi yenye kiima na kiarifu: mwenendo wa sokwe hao hauungi mkono wazo kwamba babu zetu walianza kutembea kwa miguu miwili kwa sababu ya kushuka ardhini kwenye mbuga. Watu wazima 13 wa kundi hilo, kama sokwe wataniruhusu niwaite hivyo, walifuatiliwa kwa miezi 15 na kuandikwa zaidi ya mara 13,000, na zaidi ya asilimia 85 ya nyakati waliposimama kwa miguu miwili walikuwa juu ya miti. Fani hii haina mandhari, ina makazi tu. Bonde la Issa, lenye jina, njia na watu wanaolijua kwa unyayo, linageuka kuwa aina ya mazingira inayosimama badala ya Afrika ya mamilioni ya miaka iliyopita. Hoja inahitaji hivyo na siilaumu. Nasikitika tu kwamba kwa desturi ya maandishi haya, mtu aliyemfundisha mtafiti kumtambua sokwe kwa mgongo wake kati ya majani huonekana mwishoni kabisa, kwenye shukrani, kwa herufi ndogo.

Msamiati wa Kibende uliokusanywa na Abe una fani ya unyenyekevu kuliko zote. Hausimulii wala haubishani. Hata hivyo ndiyo kazi pekee kati ya hizi ambayo Mbende wa Mpanda asiyejua nadharia yoyote anaweza kuifungua na kusema papo hapo kama kitu fulani kimekosewa. Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009, ina uwezo uleule, tena kwa Kiswahili: mtu ananyosha kidole kwenye ramani na kubisha. Fani inayomruhusu anayeandikwa amsahihishe mwandishi ni adimu, na nadhani tumeidharau kwa sababu haina fahari.

Haya yote yana uzito sasa kwa sababu Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina Kampasi ya Mizengo Pinda huko Kibaoni, Mpimbwe, na watakaoandika juu ya Katavi wataanza kutoka Katavi. Umbo wanalokabidhiwa mara nyingi ni la sura tano, lile la vyuo vingi nchini: utangulizi, mapitio ya maandiko, mbinu, matokeo, mjadala na mapendekezo. Katika umbo hilo watu huanza kusema sura ya nne, baada ya kurasa nyingi za wataalamu kusema juu yao, na ikifika sura ya tano wamenyamaza tena. Mwanafunzi anayekwenda kwa wafuga nyuki wa Inyonga atapewa majibu marefu, yenye ubishi wa mke na mume juu ya mizinga mingapi iliibwa na ni nani aliyechelewa kurina. Msimamizi wake atamwambia achague nukuu moja inayowakilisha, na hapo mwanafunzi ana haki ya kukataa. Aliweke jibu pamoja na swali aliloliuliza, aache mke amkatishe mume palepale alipomkatisha, na yule jirani aliyesema kwamba wote wawili wanadanganya apewe mstari wake, kwa herufi za ukubwa uleule.